Majina Matatu, Mawili Yameshachukuliwa

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Nawashukuru kwa kunialika tena. Wale walionisikia mwaka jana wataniwia radhi, kwa sababu nililolisema siku ile ndilo nitakalolisema leo, na nitaendelea kulisema hadi nione kina baba wa hapa Tanga wameacha kwenda peke yao, bila mama wa mtoto, kuandikisha majina ya binti zao, kama waendao kununua saruji.

Umuhimu wa jina mnaujua, sitauhubiri. Naanza na hesabu. Mtoto wa kike akizaliwa kwetu huandikwa majina matatu: lake mwenyewe, la baba yake, na la babu yake mzaa baba. Mawili kati ya hayo yameshachukuliwa na upande wa baba kabla mtoto hajakatwa kitovu, na sijasikia mama aliyelalamika. Linabaki moja. Hapo kwenye hilo moja lililobaki ndipo baba anapokuja juu, akidai kwamba mtoto ni wake, ukoo ni wake, na kwamba ni lazima mama yake mzazi akumbukwe. Ndugu yangu, umepewa vyumba viwili katika nyumba ya vyumba vitatu, na bado unagombea cha tatu?

Nitaambiwa kwamba ndivyo tulivyowakuta wazee. Sivyo. Majina mengi ya kike ya Pwani hayakuwa ya kugombewa, kwa maana yalitolewa na siku, saa au hali ya hewa. Aliyezaliwa Ijumaa aliitwa Mwanajuma, aliyezaliwa usiku Chausiku, aliyekuja na mvua Mwanvua, na wa tatu akaitwa Tatu bila kikao chochote. Wasukuma wenye mapacha hawaketi kujadiliana: ni Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija. Kwa Wakikuyu wa Kenya, binti wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa baba na wa pili la bibi mzaa mama, yaani hata desturi yenyewe inakiri kwamba pande ni mbili. Sisi tumeuacha utaratibu, tukabaki na ubishi.

Sasa kisa cha mpwa wangu, ambacho wengine mmekisikia. Dada yangu na mumewe walikubaliana tangu mimba ina miezi sita kwamba mtoto akiwa wa kike ataitwa Nasra. Mtoto akazaliwa, siku ya saba akafanyiwa akika, Nasra. Wiki chache baadaye shemeji yangu akachukua tangazo la kizazi, akaenda peke yake, akarudi na cheti kilichoandikwa Mwantumu, jina la mama yake. Hakusema neno. Alikitia kwenye bahasha ya kaki, akaiweka juu ya kabati chini ya sanduku la nguo, na pale ikakaa miaka. Dada yangu akampeleka mtoto shule kwa kadi ya kliniki, akamwandikisha Nasra. Shangazi zake, waliopenyezewa habari mapema, wakamwita Mwantumu.

Siku ya kwanza darasani mwalimu alimuuliza, “Unaitwa nani?” Mtoto akafikiri kidogo, naye akauliza kwa adabu kabisa, “Na nani?”

Mnacheka. Mwalimu naye alicheka, akaja kunisimulia kwa sababu tulikuwa tukifundisha pamoja. Mimi sikucheka.

Akasoma, akafaulu, cheti cha kidato cha nne kikatoka kwa jina la Nasra, na cha sita vilevile. Alipofika kuomba mkopo wa chuo akatakiwa kuambatisha cheti cha kuzaliwa. Bahasha ikashushwa kabatini. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ikamweleza kwamba hao ni watu wawili, na kwamba Nasra akamlete Mwantumu. Hapo ndipo kilipoanza kiapo kwa wakili, hati ya kubadili jina, mihuri, nauli za kwenda na kurudi, na dirisha la maombi likiwa mbioni kufungwa. Shemeji yangu alilipa kila senti, na sikumhurumia hata kidogo.

Kuna jambo ambalo kina baba hawalifikirii. Jina la mtoto wa kwanza hulivaa nyote wawili. Sokoni, msibani, kwenye kikoba, mkeo ataitwa Mama Fulani hadi siku ya kuzikwa. Dada yangu kwa majirani alikuwa Mama Nasra, na ukweni Mama Mwantumu. Nilimwona kwa macho yangu amekaa ukumbini na ungo wa mchele, wifi yake anaita “Mama Mwantumu” mara tatu, naye anaendelea kuokota chuya moja baada ya nyingine kana kwamba anayeitwa yuko nyumba ya pili.

Mtaniuliza mimi nilifanyaje. Mke wangu ni Mhaya, mimi ni Mdigo, na binti yetu alizaliwa Ijumaa. Mama yangu akataka Mwanajuma. Mkwe wangu akaleta Kemilembe, jina la amani kwa kwao. Tulikaa usiku kwa karatasi mbili, kila mmoja akaandika kumi, tukabadilishana na kukata. Halikubaki hata moja. Ndipo mke wangu akauliza: kama baba anataka amani, kwa nini tusiitafute kwa Kiswahili? Tukamwita Salama. Mkwe wangu alinuna mwezi mzima. Mama yangu aliendelea kumwita Mwanajuma hadi alipofariki, na hatukumzuia, kwa sababu jina la nyumbani ni mapenzi ya bibi na halikuandikwa popote. Msichanganye hilo na la shemeji yangu. Jina la bibi lilitamkwa mbele yetu sote. La shemeji lilifichwa kwenye bahasha.

Naona ninaonyeshwa saa. Nilikusudia kuzungumzia majina ya masaibu, yale ya Shida, Tabu na Mashaka, ambayo mzazi mmoja huyatoa kwa uchungu na mwenzake akanyamaza. Niseme tu kwamba mwimbaji wa taarabu wa Fumba, Unguja, tunayemjua kama Siti binti Saad alizaliwa akaitwa Mtumwa. Yeye alipata sauti ya kulifuta jina lake. Binti yako huenda asiipate. Majina ya tamthilia nayaruka, ila mjaribuni kwanza bibi: akishindwa kulitamka mara tatu, liacheni.

La mwisho ni tahajia. Mwanakheri, Mwanaheri, Mwana Heri: kwa masikio ni mtu mmoja, kwa karani ni watatu. Mnazo siku 90 za kuandikisha kizazi. Nendeni wawili, jina liwe limeandikwa kwenye karatasi kwa herufi kubwa, mama ndiye aishike hiyo karatasi, na kabla hamjaondoka dirishani kila mmoja akisome cheti kwa sauti. Shemeji yangu yuko hapa, safu ya nyuma, mwenye kofia. Maswali mengine muulizeni yeye.