Wewe ni daktari au siyo daktari? Nalijibu leo

Habari zenu, karibuni tena kwenye chaneli. Kila nikipandisha video, hata niwe nazungumzia theluji, lazima aje mtu: "Dokta, mbona unashinda na panya? Wagonjwa wako wako wapi?" Mwingine juzi akaniongezea, "mshika mawili moja humponyoka". Sawa, nimesikia. Leo nalijibu, halafu wale wa "anajisifu" na wale wa "analalamika wakati yuko Marekani" mtagawana wenyewe huko chini.

Mimi ni daktari mtafiti. Nimesomea udaktari, nimefanya kazi wodini, nimeona wagonjwa wa saratani ya damu wanapewa dawa, vipimo vinakuwa safi, wanaruhusiwa, kisha ugonjwa unarudi. Huko kurudi ndiko kulikonileta huku. Mwaka 1994 kundi la mtafiti John Dick kule Toronto, Kanada, lilionyesha kwamba kwenye lukemia kali, yaani hiyo saratani ya damu inayokwenda kasi, si kila seli inaweza kuuanzisha ugonjwa upya. Ni chache mno, na zina tabia za seli shina, yaani seli mama zinazozaa seli nyingine. Sasa dawa nyingi za kemo zinawinda seli zinazogawanyika haraka, na hizo chache zinaweza kukaa kimya mpaka dawa ipite.

Ndiyo maana ya panya mnaowacheka. Tunachukua seli za mgonjwa aliyeridhia, tunazichambua, tunawadunga panya waliozaliwa bila kinga ya mwili, tunasubiri miezi kuona kama seli za binadamu zitaota kwenye uboho wao. Siku ya majibu unakaa mbele ya skrini, nukta zinadondoka moja moja, kila nukta ni seli moja, nawe unaomba Mungu za binadamu zijitenge na za panya. Wakati mwingine panya wamekufa kabla hujafika hapo, unaanza upya.

Haya, makaratasi, maana hapo ndipo penye kilio. Niliingia Marekani kwa visa ya J-1 ya mtafiti, ile ya wageni wa programu za kubadilishana. Hiyo haikuruhusu kutibu. Hata kukutana na mgonjwa kwa sababu ya utafiti lazima kuwe kwa nadra, chini ya daktari mwenye leseni ya hapa, na barua iseme wazi kwamba uamuzi wa matibabu si wako na kwamba muda huo hauhesabiwi kwenye ubingwa. Fikiria umeshawahi kuendesha wodi usiku peke yako, halafu kwenye kikao kijana aliyemaliza shule juzi anakuuliza kwa upole kama umewahi kumwona mgonjwa wa lukemia. Kwa upole, jamani! Bora angenitukana.

Na visa hiyo ya mtafiti mwisho wake miaka 5. Ukitaka kurudi wodini, kwa njia ya kawaida ufanye USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, upate cheti cha ECFMG, chombo kinachothibitisha madaktari waliosoma nje, na mitihani hiyo uimalize ndani ya miaka 7, kisha uanze mafunzo ya wodini upya. Ukiyafanya kwa J-1 ya madaktari, ukimaliza unatakiwa urudi nyumbani miaka 2, isipokuwa upate msamaha. Panya wenyewe hawana haraka na saa zako.

Mnaosema nina hela: kiwango elekezi cha NIH, taasisi za afya za serikali ya Marekani zinazofadhili utafiti, kwa mtafiti anayeanza baada ya uzamivu, mwaka wa fedha 2024, kilikuwa dola 61,008 kwa mwaka, kabla ya kodi. Hailali njaa familia, lakini si ile picha mliyonayo. Fedha za kuanzisha maabara yako ndiyo vita nyingine. Ruzuku ya NIH iitwayo K08, ambayo imetengenezwa hasa kwa madaktari wa aina yangu, inataka uwe raia au mkaazi wa kudumu. K99, ruzuku nyingine ya NIH, inapokea na wageni, lakini inataka uombe mapema, na wenzako wote wageni wanaiangalia hiyo hiyo.

Afisa mmoja alichelewesha fomu yangu kwa sababu ya jina la kati, na leseni ya udereva inafuata karatasi za uhamiaji, ikaisha. Nikawa napanda basi Jumapili kwenda kubadilisha maji ya seli, kwa sababu seli hazijui wikiendi wala jina la kati. Nyinyi siku hiyo mkaandika "dokta anatalii mjini".

Wanaoniomba niwatafutie kliniki ya "sindano ya seli shina" ya kutibu kila kitu, sitafuti. Upandikizaji wa uboho, aliouasisi daktari Mmarekani E. Donnall Thomas miaka ya 1950, ni tiba ya kweli ya seli shina, ina hatari zake na ina wagonjwa wake. Muulize daktari wa damu anayekutibu, usiniulize mimi kwenye komenti.

Je, uje? Sijui hali yako. Kama moyo wako uko kwenye kutibu, mimi ningefanya mitihani kwanza, ungali unakumbuka biokemia, utafiti ufuate. Hilo ningemwambia mdogo wangu, na wewe huenda una mambo yako tofauti kabisa. Anayetaka video ya DS-2019, ile fomu ya kuombea visa ya J-1, aandike. Anayetaka nimtumie barua ya mwaliko, mwaliko unatoka chuoni, na mimi hapa ni mwajiriwa.