Kasta, Pinioni na Propela: Kurekebisha Land Cruiser Iliyonyanyuliwa

Ndugu mafundi, na nyinyi wenye magari mliokuja kujua fedha zenu zinakwenda wapi, karibuni. Leo tunashughulika na ekseli ya mbele ya kipande kimoja yenye springi za koili na redias amu (mikono inayoishika ekseli kwenye chesisi, yaani fremu ya gari): Land Cruiser 80, 105, na zile 78 na 79 za kuanzia 1999. Magari yenye mikono ya mbele ya kujitegemea yana taabu zake, hatutazigusa.

Malalamiko mnayajua. Springi ndefu zimefungwa, gari limepanda milimita 50, linapendeza. Likifika kilomita 80 kwa saa linatangatanga barabarani, na baada ya kona usukani haurudi wenyewe. Mwenye gari anakwenda kwenye alaimenti, analipa, anatoka na tatizo lilelile. Msimlaumu mtu wa alaimenti. Ekseli hii haina bolti ya kurekebishia kasta (ulalo nitakaoueleza punde), kwa hiyo mashine yake inaweza kuipima tu. Na kucheza na uelekeo wa matairi kwa ndani au nje ili kutibu kutangatanga ni kumaliza matairi bure, maana tairodi inaunganisha nakli mbili (vishikio vya magurudumu vinavyogeuka) moja kwa moja na kunyanyua gari hakuigusi.

Kasta ni ulalo wa kingipini (mhimili ambao gurudumu hugeukia) ukitazamwa kutoka ubavuni mwa gari. Beringi ya juu inatakiwa ikae nyuma kidogo ya ile ya chini, na magari ya aina hii kwa kawaida huhitaji digrii 2 hadi 4. Ulalo huo ndio unaorudisha usukani katikati. Sasa tazameni redias amu: mbele imeshika ekseli kwa bolti mbili, haina nafasi ya kujigeuza, nyuma imeshikwa na bushi ya mpira ya chesisi. Chesisi ikipanda, amu inainamia mbele na kuizungusha ekseli pamoja nayo. Hesabu yake ni fupi. Pima amu kutoka katikati ya bushi ya chesisi hadi katikati ya ekseli, gawa kimo ulichonyanyua kwa urefu huo, zidisha kwa 57, upate digrii. Amu ya milimita 1000 na mnyanyuo wa milimita 50 vinakupa karibu digrii 3 zilizopotea. Kama ulianza na 3, umebaki na sifuri.

Sehemu inayosahaulika ni kwamba kingipini na pinioni (gia ndogo inayoingiza mzunguko kwenye difu) ziko kwenye chuma kimoja. Ekseli ilipozunguka, kasta ilipungua na pua ya pinioni ikapanda. Ukirudisha digrii 3 za kasta, pinioni nayo inashuka digrii 3, na krosi (kiungo kinachokunjika) ya propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, inakunjwa zaidi upande wa difu. Kila unachompa usukani unamnyang'anya propela. Kwa hiyo kabla hujanunua kitu chochote, jiulize: propela ya mbele ya gari hili inazunguka wakati gani?

Kwenye 79 yenye habu za kufunga na kufungua (vifaa vya kwenye gurudumu vinavyoliunganisha na ekseli au kuliachanisha nayo), jibu ni rahisi. Kwenye lami habu ziko wazi, propela imelala. Ipe kasta yote inayotaka; porini, kwa kilomita 30 kwa saa, mtikisiko wa krosi hautakuua. Kwenye 80 inayovuta magurudumu manne muda wote, propela inazunguka hata ukienda sokoni, na hapo hesabu inabana.

Krosi iliyokunjwa haipeleki mzunguko sawasawa. Kwa kila mzunguko mmoja inaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Kwenye digrii 10 tofauti ni kama asilimia 1.5 kila upande. Kwenye digrii 20 inafika asilimia 6. Krosi ya pili inafuta kosa la ya kwanza iwapo tu pembe zao zinalingana, ndani ya digrii moja hivi, na uma mbili za shafti zinazoshika krosi zimekaa kwenye mstari mmoja. Wengine hukimbilia propela yenye krosi mbili upande wa transfa (gia inayogawa nguvu mbele na nyuma). Ni kifaa kizuri, ila kinataka pinioni iitazame transfa, yaani ipande, wakati kasta inataka ishuke. Ukinyanyua sana gari la namna hii, njia safi ni kukata vichwa vya mwisho wa nyumba ya ekseli vinavyobeba nakli na kuvizungusha peke yake, kasta irudi na pinioni ibaki ilipo. Hiyo ni kazi ya mashine na jigi, si ya kukadiria kwa macho. Kwa milimita 50, rudisha kasta ya kutosha usukani urudi, usitafute zaidi.

Bushi za kasta zenye tundu la pembeni hurudisha digrii 2 hadi 3. Kosa la kila siku ni kuzifunga kinyume, kasta ikazidi kupungua. Weka kipima pembe kwenye flenji ya pinioni (sahani inayofungiwa propela), andika namba, funga bushi, pima tena gari likiwa limesimama palepale. Pinioni lazima iwe imeshuka, ikipanda, zigeuze. Bolti zikazwe gari likiwa limekaa kwa uzito wake kwenye matairi. Ukizikaza ekseli ikining'inia, mpira unabaki umejipinda na unachanika mapema.

Panadi rodi, fimbo inayozuia ekseli isihame kushoto au kulia. Kwenye gari la usukani wa kulia inashika chesisi upande wa kulia na ekseli upande wa kushoto. Gari likipanda, ekseli inavutwa kuelekea kulia. Walio Goma na Bujumbura wageuze, kule usukani uko kushoto. Rodi ya milimita 900 iliyokuwa na mteremko wa milimita 80, ukiongeza 50, inasogeza ekseli karibu milimita 6. Rodi ya kurekebisha urefu inatosha. Mkishusha kishikio chake, shusheni na fimbo ya usukani kwa kiasi hichohicho: hizo mbili zisipokwenda sambamba, kila shimo la barabara litageuza usukani.

Propela yenyewe sasa. Kabla ya kuifungua, tia alama kwenye flenji na kwenye splaini (meno yanayoiruhusu shafti kurefuka na kufupika), uirudishe ilivyokuwa. Ikiwa fupi, bomba jipya liwe la propela, si bomba la maji. La maji lina mshono, halinyooki, na hakuna balansi itakayoliokoa. Ukuta mnene peke yake hausaidii sana kwenye mwendo kasi, kinachosaidia ni kipenyo kikubwa.

Krosi mpya inaharibiwa kwenye jiliwa. Kikombe cha beringi kikisukumwa kimepinda, sindano moja ya ndani yake inaanguka na kulala chini yake. Kikombe kinagoma karibu na mwisho, fundi anaongeza nguvu, pete ya kufungia haiingii. Ukiona pete imekataa, simama, toa kikombe, hesabu sindano. Kisha pampu grisi mpaka itoke kwenye sili zote nne. Inayogoma, kunja krosi upande mwingine na urudie.

Splaini ni kinyume chake. Pampu kidogo tu. Grisi ikijaa mle ndani, shafti hairudi ekseli inapopanda, na nguvu yote inakwenda kwenye beringi za pinioni na transfa. Jeki chesisi ekseli ining'inie uone splaini bado zimeshikana vya kutosha, kisha ibane hadi juu kabisa na uhakikishe zimebaki angalau milimita 20 kabla ya kugota.

Na ile vali ya breki ya nyuma yenye fimbo ya kusoma mzigo: kinyanyueni kishikio cha fimbo hiyo kwenye ekseli kwa kimo kilekile springi zilichoongeza, la sivyo itadhani gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma hata mkiwa mmebeba tani nzima.