Kisu kimeteleza ukipaa samaki: tunza kidonda mpaka kovu

Karibuni. Tuko mwaloni Kirumba, Mwanza, kwenye meza ya kupaa samaki. Kisu kimeteleza juu ya magamba ya sangara, kiganja kimechanika sentimita mbili hivi. Tufuatane.

Kwanza kandamiza. Kitambaa safi juu ya jeraha, mkono uinuliwe kupita usawa wa moyo, dakika 10 kwa saa. Usichungulie! Kila ukifunua unang'oa donge la damu ambalo chembe sahani, yaani chembe za damu zinazogandisha, zimeanza kulijenga, na kazi inaanza upya.

Damu ikikata, osha. Maji ya ziwa yaache, hata kama yako hatua tatu tu, kwa sababu hapa ufukweni yamechanganyika na utumbo wa samaki na uchafu wenye vijidudu. Tumia maji ya bomba yanayotiririka na sabuni, dakika tano. Bomba halitoi? Chemsha lita moja ya maji na kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, yapoe. Hakikisha hakuna gamba lililobaki ndani. Spiriti, majivu na dawa ya meno visiingie humo: vinaumiza chembe zilezile zinazokuja kuziba.

Ukiona mafuta ya chini ya ngozi, au kidole hakikunjiki, nenda zahanati siku hiyohiyo. Tundu la mwiba wa sangara nalo lisikudanganye: mdomo mdogo, shimo refu. Na kama sindano yako ya mwisho ya pepopunda imepita miaka mitano, waambie.

Sasa paka vazelini nyembamba, weka shashi, funga bandeji. Badilisha kila siku, na mara tu inapolowa maji ya samaki. Wengi husema kidonda kiachwe kipate hewa kikauke. Hapana. Chembe mpya za ngozi hutambaa kutoka kingoni, na zinahitaji unyevu. Gaga gumu huzilazimisha kupita chini yake, kidonda kinachelewa, kovu linakuwa baya zaidi.

Siku tatu nne za mwanzo, wekundu kidogo, joto na uvimbe ni kawaida. Chembe nyeupe za damu zinasafisha. Usaha, harufu, homa, au mstari mwekundu unaopanda mkono si kawaida, nenda hospitali upesi.

Baadaye utaona nyama nyekundu yenye chembechembe, ukiigusa inatoa damu. Watu huisugua wakidhani imeoza. Msiiguse jamani! Ni mishipa midogo mipya ya damu na kolajeni, yaani nyuzi zinazoipa ngozi nguvu, ndiyo inayojaza shimo.

Kolajeni ya ngozi ya kawaida imefumwa kama wavu. Ya kovu imelazwa upande mmoja, kama kamba zilizopangwa, tena kovu halioti nywele wala halitoi jasho. Wiki ya tatu lina karibu sehemu moja ya tano ya nguvu ya ngozi ya awali. Likifika miezi mitatu linakaribia asilimia 80, na halizidi hapo. Kwa hiyo, ukirudi kuvuta kamba ya nyavu mapema, vaa glavu.

Kidonda kikishafunga kabisa, kanda kovu kwa mafuta dakika tano, asubuhi na jioni. Likianza kuwasha na kukua kupita mipaka ya jeraha lenyewe, hiyo ni keloidi. Hupenda kifua, mabega na ndewe za masikio. Usikubali ikatwe tu, maana mara nyingi hurudi kubwa zaidi. Daktari wa ngozi huanza kwa kuichoma sindano ndani yake.