Kipindi cha 61: Moshi wa Nini?

MUSA: Da Zuhura, kabla ya yote, waambie wasikilizaji yaliyokupata wiki hii.

ZUHURA: Nimeonewa. Mpwa wangu kapewa mchoro wa kufanya: milima inayotokana na mabamba, vile vipande vikubwa vya mwamba vinavyounda uso wa dunia, kugongana. Nikamsaidia. Nikachora Everest, kileleni nikaweka moshi, nikaukokota kwa penseli mpaka ukingo wa karatasi. Kazi ikarudi na wino mwekundu: "Moshi wa nini?"

MUSA: (anacheka) Basi?

ZUHURA: Basi, na sifuri. Mtoto hanisemeshi.

MUSA: Lakini kweli dada, moshi wa nini?

ZUHURA: Si uangalie picha za Everest! Kuna kitu cheupe kinafuka pale juu.

MUSA: Theluji na wingu hilo, upepo unavipeperusha.

ZUHURA: Nimeshaambiwa, tena na mtoto. Ila nijibu: mabamba mawili yamesagana hivyo, joto lote lile, volkano iko wapi?

MUSA: Hapo ndipo wengi tunapoteleza. Kinachoyeyusha mwamba si kusagana. Ni maji.

ZUHURA: Maji yanawasha moto. Haya, endelea.

MUSA: Bamba la bahari ni zito, linazama chini ya jirani yake likiwa na maji yaliyofungwa ndani ya madini. Likifika kina cha kilomita 100 hivi, joto na mgandamizo vinayakamua. Yanapanda kwenye mwamba wa mantili, tabaka lililo chini ya ganda la dunia, ulio juu yake. Ule una joto kali tayari, ila ulikuwa haujayeyuka. Ukishapata maji, unayeyuka kwa joto dogo zaidi. Magma ndiyo hiyo. Andes hiyo, Japani hiyo.

ZUHURA: Kama chumvi inavyoyeyusha barafu.

MUSA: Hapo hapo! Sasa Himalaya, iliko Everest yako, ni bara kwa bara. Bara Hindi lilipoigonga Asia, miaka milioni 50 hivi iliyopita, bahari ya Tethys iliyokuwa katikati ilikuwa imeshamezwa. Bara ni jepesi, halizami kirahisi. Linajikunja, ganda linanenepa, chini ya Tibet linafika kilomita 70 hivi. Mwamba unaoyeyuka humo unanata, unagandia humo humo ndani, unakuwa graniti.

ZUHURA: Ngoja. Tethys ilipokuwa inamezwa, volkano zilikuwepo?

MUSA: Zilikuwepo, kusini mwa Tibet. Mizizi yake iko karibu na Lhasa mpaka leo.

ZUHURA: Kumbe moshi nimechelewa nao tu! Miaka milioni 50, sifuri ya nini?

MUSA: Everest yenyewe haikuwepo, da Zuhura. Kileleni pale ni mawe ya chokaa, yalikuwa sakafu ya bahari.

ZUHURA: Basi ningechora samaki. (wote wanacheka) Samaki anafuka moshi.

MUSA: Na wino mwekundu: "Samaki wa nini?"

ZUHURA: Acha. Nina la kukubana. Ararat, Uturuki, mita 5,137. Bamba la Uarabuni linaisukuma Eurasia, bara kwa bara. Na ni volkano! Jirani yake Nemrut, kando ya ziwa Van, ililipuka mwaka 1441. Bahari ilikuwa wapi?

MUSA: Lile ni deni la bahari. Maelezo yanayokubaliwa na wanajiolojia wengi ni kwamba kipande cha bamba la bahari kilichokwisha zama kilikatika, kikadondoka, mantili ya moto ikapanda kujaza nafasi. Pasingekuwa na bahari, pasingekuwa na Ararat.

ZUHURA: Na kilikatika kwa nini? Bara lilikataa kuzama! Mgongano ndio uliokikata. Kwa hiyo mgongano unazaa volkano.

MUSA: Unazalisha tu, kama mkunga. Mama ni bahari.

ZUHURA: Mama amekufa zamani, mtoto kazaliwa juzi?

MUSA: Ndiyo.

ZUHURA: Sikubali, Musa.

MUSA: Na mimi sibanduki.

ZUHURA: (kimya) Unaonyeshwa saa huko.

MUSA: Dakika moja! Na nilikuwa na mambo matatu ya kuwaachia watu, nimeyaandika kabisa. La kwanza...

ZUHURA: Lina moshi?

MUSA: Halina.

ZUHURA: Basi wiki ijayo. Mpwa wangu, kama unasikiliza, pokea simu.