Ukweli Katika Maombi ya Kibali cha Usalama

Mabibi na mabwana, nchini Marekani anayeomba kibali cha kuona siri za serikali hujaza fomu iitwayo SF-86, ya kurasa zaidi ya 100, inayomhoji kuhusu makazi, ajira, madeni, dawa za kulevya na kesi zake. Majibu yake hupimwa kwa miongozo 13 iliyoanza kutumika Juni 2017. Leo nitakaa kwenye mwongozo E, wa mwenendo binafsi, kwa kuwa huwaangusha hata watu ambao makosa yao ya awali yangesameheka.

Chukueni mtu aliyevuta bangi zamani kidogo, akaacha. Akilieleza jambo hilo waziwazi, muda uliopita na mabadiliko yake huhesabiwa kwa faida yake. Akijibu "hapana", kosa lililokwisha kuchakaa huzaa kosa jipya, alilolitenda kwa makusudi dhidi ya serikali ileile anayoiomba imwamini, na sheria ya shirikisho inaruhusu kifungo cha hadi miaka 5 kwa uongo wa namna hiyo.

Hata hivyo, si kila jibu pungufu ni uongo, na naomba hili lizingatiwe sana. Linalotafutwa ni kusudi la kuficha. Aliyesahau, au ambaye hakulielewa swali, hawekwi kundi moja na aliyedanganya. Hata aliyeficha bado ana mlango, mradi ajisahihishe mapema na kwa nia njema kabla ya kukabiliwa na ushahidi. Anayengoja mpaka mchunguzi amwonyeshe rekodi ya polisi hukiri jambo ambalo tayari linajulikana, na kukiri huko hakumsaidii sana.

Ukali huu una sababu. Mwenye jambo analolificha kwa mwajiri na kwa familia yake anaweza kushurutishwa na yeyote atakayeligundua. Isitoshe, katika kesi ya 1988 ya Egan, mfanyakazi wa Jeshi la Wanamaji aliyenyimwa kibali, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kupata kibali. Shaka inayobaki huamuliwa kwa upande wa usalama wa taifa.

Inanisikitisha kwamba wengine huficha kwa kuwasikiliza wenzao kazini. Ushauri unaoweza kumtetea mwombaji ni wa wakili, au wa mtu ambaye kazi yake ni kuelekeza watu katika taratibu hizi, na hata huo humfaa tu ikiwa, mara alipojulishwa wajibu wake, alieleza yote kikamilifu na kwa ukweli.