Jabali lenye msitu kichwani: safari ya Saint Helena

Asalaam aleikum jamani, habari za jioni, na shikamooni wakubwa mliokaa huko nyuma. Nimeombwa niongee kuhusu kisiwa nlichokwenda, na kwa vile wengi humu ni watembeza wageni na wengine ni watu wa kupanda milima tu, ntaongea kama tunavoongea barazani, sikuandaa makaratasi, picha mtaziona baadae.

Kisiwa chenyewe ni Saint Helena. Wengi wenu ukitaja jina hilo wanasema aa, kule alikofungwa Napoleon, na ni kweli, alifikishwa 1815 akafia hapo 1821, nyumba yake ya Longwood ipo na wageni wanaingia kuangalia. Lakini leo simuongelei Napoleon. Naongelea kisiwa chenyewe, udongo wake, mawe yake na njia zake, maana kwa maoni yangu watu wanaruka masaa yote hayo kwenda kuangalia kitanda cha marehemu halafu wanarudi bila ya kukiona kisiwa.

Kiko katikati ya Atlantiki ya Kusini, zaidi ya kilomita 1,900 kutoka ufukwe wa Afrika upande wa Angola na Namibia. Ukubwa wake kilomita za mraba 121 na kidogo hivi, Unguja yetu inakimeza mara kumi na zaidi, na watu wake ni kama 4,400 tu. Mpaka juzi juzi ilikuwa huwezi kufika ila kwa meli, siku tano kutoka Cape Town, ndege za abiria zimeanza Oktoba 2017 kutoka Johannesburg, tena hata uwanja ulipokwisha kujengwa ilibidi kusubiri kwanza kwa sababu ya upepo, maana kile kiwanja kiko juu ya jabali na upepo unapiga ule ukuta wa mawe unapanda unageuka ghafla, rubani anapata tabu. Na upepo wa kule, nyie watu wa bahari mtanielewa, ni kusi. Kusi kama yetu, tofauti ni kwamba yao haipokezani na kaskazi, inavuma mwaka mzima. Ishikeni hiyo, ntairudia.

Sasa ndege ikikaribia unaona nini? Unaona jabali. Jabali tupu, jekundu na la kijivu na jeusi, limesimama baharini kama limekatwa na shoka, hakuna ufukwe mweupe, hakuna mnazi, hakuna kitu. Mimi kiukweli roho ilinizama, nikajiuliza nimetumia hela zote zile kuja kuangalia mawe?

Ndo maana nawaambia kile kisiwa kinataka miguu. Ukibaki chini huoni kitu.

Kimetokana na volkano mbili, moja kaskazini mashariki ambayo ndo ya zamani, nyengine kusini magharibi, zilianza kutoa kichwa miaka milioni 14 hivi iliyopita na zikazima kama milioni 7 iliyopita, na kile tunachokiona juu ya maji ni kile kichwa tu, mwili wenyewe umeshuka chini zaidi ya mita 4,000 mpaka kwenye sakafu ya bahari. Halafu kwa miaka yote hiyo mvua na upepo vinakula, vinakula. Ukiteremka upande wa Sandy Bay unakuwa umeingia tumboni mwa ile volkano ya pili, ukuta wake wa upande mmoja ushaliwa na bahari, na unaona matabaka ya majivu mekundu, ya zambarau, ya kijivu, na katikati yake kuna kuta za mawe meusi zimesimama wima kama kuta za nyumba iliyoezuliwa paa. Zile ni njia ambazo lava ilipandia, ikapoa humo humo ndani ya nyufa ikawa ngumu kuliko kilichoizunguka, basi kilichoizunguka kikaliwa yenyewe ikabaki. Na kuna minara miwili ya mawe, mmoja unaitwa Lut na mwengine mke wa Lut, nayo ni hivo hivo, lava nzito iliyogandia chini ikaja kuvuliwa nguo na mvua.

Mji mmoja tu, Jamestown, umebanwa kwenye bonde jembamba kweli kweli, majabali huku na huku. Pale mjini kuna ngazi inaitwa ngazi ya Yakobo, vipandio 699, inakwenda moja kwa moja juu bila ya kukata kona. Ilijengwa 1829 ikiwa na reli za vigari vya kupandisha mizigo kwenye ngome ya juu. Nilipanda siku ya pili yake asubuhi. Vipandio vyenyewe ni virefu kuliko vya nyumba, kwa hiyo kufika mia tatu mapaja yanatetemeka, na kosa kubwa ni kugeuka nyuma kuangalia, maana mji wote unauona katikati ya viatu vyako. Shika chuma, tazama kipandio kilicho mbele, pumzika, endelea. Watoto wa pale zamani walikuwa wanateremka kwa kuteleza juu ya vyuma vya pembeni, wanaweka miguu chuma hiki mabega chuma kile. Msijaribu.

Haya, sasa msitu. Hapa ndo nataka nikae.

Unatoka Jamestown kwenye joto na vumbi, mipungate kila pahala, unapanda kwa gari dakika ishirini hivi na hewa inabadilika, majani yanakuja, ng'ombe, kijani kibichi, ukungu. Halafu unaacha gari unapanda kwa miguu kwenda Diana's Peak, vilele vitatu vimepangana mgongoni mwa kisiwa, zaidi ya mita 800 juu ya bahari. Njia ni ya matope, wameweka mbao kushikilia udongo, na mwanzo unapita katikati ya mimea yenye majani marefu kama mkonge, ile wanaita flaksi, imetoka New Zealand, ililimwa kwa ajili ya nyuzi za kamba mpaka 1966 pale posta ya Uingereza ilipohamia kwenye kamba za plastiki na viwanda vyote vikafungwa mara moja. Watu wa Tanga mnaijua hiyo habari ya mkonge na nailoni, sina haja ya kuieleza. Flaksi ikabaki imeshika vilima mpaka leo.

Ukipita hapo unaingia kwenye kitu ambacho hakipo pahala pengine popote duniani. Kuna mti, shina lake limesimama kama mnazi mdogo, manyoya manyoya, na juu majani yamechanua kama mwamvuli, na jani changa kabla halijafunguka limejikunja mviringo mviringo kama mkia wa kinyonga. Nililishika. Lina vinyweleo vya kahawia vimelowa, na kila kinyweleo kina tone la maji kwenye ncha. Nikatazama juu, mti mzima umejaa matone, moss, vile vijimea laini vya penye unyevu, imening'inia kwenye matawi kama ndevu na kila ndevu inadondosha, tii, tii, na mvua hainyeshi! Ni ule ukungu. Kusi inaleta mawingu kutoka baharini, yanapanda mgongo wa kisiwa, majani yanayakamata, maji yanateremka kwenye shina yanaingia ardhini, na ndo vijito vya kisiwa vinapotokea. Yaani ule msitu unakamua mawingu. Ukiukata, mawingu yatapita yaende zake.

Na miti yake mingine, ile wanaiita kabichi japo haina uhusiano na kabichi, na ule unaoitwa gumwood ambao ndo mti wao wa taifa, yote ni ukoo wa alizeti. Alizeti! Mababu wa mababu zake walifika kama mbegu, kwa upepo au kwa ndege, hawakukuta miti ya kushindana nayo, basi wakarefuka taratibu wakawa miti wenyewe. Mliopanda Kilimanjaro mmeiona ile senesio mikubwa juu kule, ni ukoo huo huo, hadithi inafanana.

Sasa huko nyuma kisiwa karibu chote kilikuwa na miti. Wareno walikifikia 1502, wakaacha mbuzi ili mabaharia wapate nyama, na mbuzi mnawajua, hawaachi mche. Waingereza wa kampuni ya East India wakaja 1659, wakakata kuni, wakakata magome ya kutengenezea ngozi. Msitu mkubwa wa gumwood upande wa mashariki ukaisha wote, udongo ukasombwa na maji, ndo lile jabali tupu unaloliona kwenye ndege. Kwa hiyo lile jabali lililonizamisha roho kwa sehemu kubwa ni kazi ya watu na mbuzi, si volkano. Nilikaa na hilo siku nzima. Sisi wenye Jozani na Ngezi tunapita na wageni kwenye misitu yetu kila siku, na misitu yenyewe ni vipande tu vilivobaki.

Ila wenyeji hawakukaa kimya. Mwaka 2000 walianza kupanda gumwood kwenye ile ardhi kavu karibu na kiwanja cha ndege. Miti imepinda kwa upepo, lakini imeshika. Na mpingo wao, tuseme hivo, si mpingo wetu, mti mdogo wenye maua meupe, kila mtu aliamini umekwisha duniani mpaka 1980 mwenyeji mmoja akauona kwenye genge, vichaka viwili tu, mtu akateremshwa kwa kamba kuchukua vijiti, na kutokana na vijiti hivyo sa hivi umepandwa sehemu kibao.

Njia za kutembea ziko zaidi ya ishirini na kila moja mwisho wake kuna kisanduku, ndani kuna daftari na muhuri. Unaandika jina, unagonga muhuri kwenye kijitabu chako. Kitu kidogo sana lakini kinamfanya mtu afike mwisho, na gharama yake karibu hamna. Jamani sisi tushindwe nini?

Njia niliyoipenda kuliko zote ni ya kwenda kwenye mabwawa ya mke wa Lut. Unaanzia Sandy Bay ambako mchanga ni mweusi na bahari haiogeleki, unatembea ubavuni mwa mlima, njia nyembamba, kokoto zinateleza chini ya kiatu, jua kali, kimya isipokuwa upepo na ndege wa baharini. Mwisho kuna kamba imefungwa kwenye jabali, unageuka uso ukutani unateremka nayo, na chini unakuta mabwawa ya maji ya bahari yamezungukwa na ukuta wa mawe ya volkano, mawimbi nje yanapiga ukuta booo, povu linamwagikia ndani, na ndani maji yametulia unamuona kaa chini kabisa. Niliogelea hapo. Maji baridi kidogo, chumvi kali, na kila wimbi likipiga unalisikia kifuani kabla hujalisikia masikioni. Msiende peke yenu, na mkiona bahari imechafuka msiingie.

Baharini ntapita haraka. Kuna pomboo mwaka mzima, makundi ya mamia. Kuna meli zilizozama za kuzamia, ile Papanui iliyoungua 1911 iko pale pale kwenye ghuba ya Jamestown. Na kuna potwe, yule papa mkubwa kuliko samaki wote. Ndugu zangu wa Mafia, potwe wenu wa Kilindoni wengi ni vijana madume, sasa kule wanaofika ni wazima, madume kwa majike, miezi ya Disemba mpaka Machi hivi, na ni sehemu chache sana duniani wanapoonekana wakubwa wa jinsia zote pamoja. Mnyama urefu wake unapita daladala, anapita chini yako taratibu, hana habari na wewe.

Chakula, mtanishangaa: wana kitu wanaita plo, wali unapikwa sufuria moja na nyama na bizari. Itamkeni tena. Plo. Ni pilau, imefika na meli za kutoka India kama ilivofika kwetu.

Na pale nyumbani kwa gavana kuna kobe anaitwa Jonathan, wanakadiria kazaliwa 1832 hivi, aliletwa kutoka Shelisheli 1882. Nilipomuona alikuwa haoni tena, anasikia tu. Kobe wetu wa kisiwa cha Changuu nao asili yao Shelisheli, kwa hiyo wallahi nilijihisi nimekutana na jamaa.

La mwisho. Sayyid Khalid bin Barghash, yule aliyejitangaza sultani wa Zanzibar Agosti 1896, Waingereza wakampigia jumba lake mizinga kwa dakika zisizofika arubaini na tano. Alikimbilia kwa Wajerumani, akaishi Dar es Salaam, Waingereza wakamkamata 1916 vita ya kwanza ya dunia ilipofika huku, wakampeleka uhamishoni. Wapi? Saint Helena. Alikaa mle ndani ya bonde la Jamestown mpaka 1921 alipohamishiwa Shelisheli, na mwisho akaruhusiwa kurudi huku, akafia Mombasa 1927. Mimi nimesoma Unguja skuli ya msingi mpaka sekondari, hakuna aliyeniambia. Jioni moja nilikaa kwenye ukuta pale ufukweni, magharibi imeingia, nikaangalia bahari aliyokuwa akiiangalia yeye. Jua linazama majini, kama linavozama Forodhani. Kusi inavuma vile vile. Isipokuwa pale hakuna dau hata moja, na upepo ule haugeuki ukamrudisha mtu kwao.

Haya, zimeni taa hizo za mbele, picha ya kwanza ni ile ngazi.