Difu Ngapi? Uliza Kabla Hujalipia Pikapu

Haya, asalaam aleikum, hamjambo nyote. Naona sura ni zile zile, na wengine mshanisikia nikipiga kelele juu ya hii mambo mpaka mwaniita Mzee Difu, sawa, niiteni, lakini bado watu waniletea pikapu mpya, viti bado viko na plastiki, ati mzee njoo uone chuma, nami nikiuliza difu yake ngapi, yaani lile sanduku la meno kwenye ekseli ya nyuma lina namba gani, mtu anitolea macho. Rangi aijua jina lake. Skrini ya redio aijua inchi zake. Difu haijui. Sasa mamilioni yote hayo umelipia nini wewe?

Ndani ya difu kuna gia mbili: pinioni ni ile ndogo, yazungushwa na propela, ile shafti ndefu itokayo kwenye giaboksi, na krauni ni ile kubwa, yapeleka nguvu kwa magurudumu. Zaidi ya hapo leo sielezi, mafundi wamejaa humu, asiyejua amuulize jirani yake. Nataka namba tu, meno ya krauni ugawe kwa meno ya pinioni. Pinioni meno 10 na krauni meno 41, hiyo ni 4.1. Meno 11 kwa 41 ni 3.73. Meno 12 kwa 43 ni 3.58. Meno 9 kwa 41 yaja 4.55 na kidogo. Namba ikipanda gari yavuta, namba ikishuka injini yapumzika kwenye mbio. Basi, hakuna uchawi.

Huko Marekani mtu akiagiza Ford F-150 aweza kupewa karatasi achague, 3.31, 3.55, 3.73. Sisi karatasi hiyo hatupewi. Difu yaja na modeli, na injini, na giaboksi, kwa hivyo kuchagua difu hapa kwetu ni kuchagua gari yenyewe, na yawezekana gari mbili zimesimama shorumu moja zafanana kama pacha, lakini huko chini kila moja na meno yake. Ndo maana nasema uliza kabla ya kulipa, na upewe kwa maandishi. Muuzaji akikwambia "zote ni sawa mzee" mwambie apige simu kwa watu wa ufundi, kuna kibati kwenye gari kina namba ya ekseli, wao waijua kuisoma. Akikasirika mwache akasirike, pesa ni zako.

Sasa, utachagua ipi. Hapa mnisikize. Usichague kwa barabara unayoipenda, chagua kwa mlima mbaya kuliko yote utakaoupanda na mzigo wako. Mwenye kuleta kabeji kutoka Wundanyi ajua ni upi. Wa Kwale aijua ile ya Kombani kwenda juu. Na sisi wa kisiwani Mombasa na Likoni mlima wetu hauna hata mita mia, ni ile rampu ya feri.

Kuna jamaa yangu huko ng'ambo ya Likoni, auza simiti. Alichukua pikapu mpya, gia za mkono, difu 3.58, manake aliambiwa haili mafuta na Nairobi afika kabla ya adhuhuri. Nikamuuliza wewe Nairobi waenda mara ngapi, akasema nikipata harusi. Na Likoni wavuka mara ngapi? Kila siku! Mwamuona huyo? Basi akapakia mifuko 20, ya kilo 50, yaani tani nzima, na siku yenyewe ni bamvua, maji yametoka kabisa. Mwajua bahari yetu siku za bamvua, kati ya kujaa na kupwa ni kama mita 3, kwa hivyo feri yatua chini kabisa na ile saruji mbele yako imesimama. Mbele yake tuktuk, mbele ya tuktuk mkokoteni wa maji, pembeni watu wanashuka na mabeseni na watoto, askari apuliza filimbi twende twende. Hawezi kwenda mbio, na hawezi kwenda polepole, kwa sababu gia ya kwanza na difu hiyo, ukiachia klachi yote, gari yataka kwenda kasi kuliko ule mkokoteni. Afanye nini? Aning'inia kwenye klachi. Nusu chini, nusu juu, mguu watetemeka. Akasimama, akaanza tena, akasimama. Moshi ukaanza kutoka chini, ile harufu ya klachi mwaijua, mama mmoja akapiga kelele gari yaungua! Akasukumwa mpaka juu na vijana, na vijana walitaka chao. Gari haijamaliza hata miezi sita na klachi imekwisha. Halafu aniambia gari ni bovu. Si bovu! Gari nzuri kabisa ile, mpe mtu wa Malindi asiye na mzigo ataipenda mpaka azeeke. Angechukua yenye 4.1, kwa injini ile ile na giaboksi ile ile, magurudumu yangepata nguvu karibu asilimia 14 zaidi, na gari ingetambaa polepole zaidi nyuma ya mkokoteni, klachi isingeteswa vile.

Najua kuna mtu hapo atasema, mzee, siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, nani apanda feri. Sawa. Wewe utoke Likoni na mzigo wa soko la Kongowea uzunguke Miritini yote hiyo, halafu uje uniambie habari ya kuokoa mafuta. Na mwengine atasema gari ina turbo. Turbo! Turbo nyingi za dizeli chini ya mizunguko 1,500 hivi bado zimelala, na pale kwenye rampu unapoachia klachi wewe uko chini ya hapo, turbo haikusaidii kitu. Wa otomatiki ya gia nyingi, nane, kumi, huyo ana haki kidogo, nakubali, gia ya kwanza ya hizo sanduku mpya ni nzito na difu haimuumizi sana. Lakini klachi hana, ana mafuta ya giaboksi, na hayo mafuta yakichemka bei yake hutaki kuisikia.

Haya mafuta, manake ndo wimbo wenu. Tupige hesabu mara moja. Tairi 245/70R16, spidi 100, gia ya juu yenye uwiano wa 0.8. Difu 3.58 injini yazunguka kama 2,000 kwa dakika. Difu 4.1 ni kama 2,300. Mizunguko 300! Kwa hiyo mizunguko 300, kwa safari ya harusi, ndo mtu auza klachi yake. Na hapo ni gari tupu. Ukipakia tani ukaanza kupanda kutoka Mazeras, ile ya 3.58 utaishusha gia, na ukishashusha ile faida iko wapi? Barabara ya Nairobi yadanganya, waona kama tambarare lakini watoka baharini unakwenda mita 1,700 juu, kilomita karibu 480 zote wapanda pole pole. Ukilazimisha gia ya juu injini yagugumia, dizeli yaingia nyingi na joto lapanda.

Nakwenda haraka naona mwenyekiti aangalia saa.

Tairi. Vijana mwapenda matairi makubwa. Ukitoa 245/70R16 ukatia 265/75R16 umeongeza kimo asilimia 7 na zaidi, kwa hivyo difu yako ya 4.1 sasa yafanya kazi kama 3.8. Umelipia difu ya kazi ukaiharibu kwa duka la tairi. Na spidomita yakuongopea, yasema 80 nawe uko karibu 86, elezea polisi hivyo.

Ukiwa huamini karatasi, pima mwenyewe. Mawe magurudumu ya mbele, nyutro, hendibreki toa, jeki gurudumu moja la nyuma tu, lile lingine libaki chini. Chora chaki kwenye propela na kwenye tairi. Zungusha tairi mara mbili kamili, mwenzako ahesabu propela. Ikizunguka mara nne na kidogo sana hiyo ni 4.1, ikiwa tatu na nusu na ushee hiyo ni 3.58. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu lile lingine limesimama, difu yagawa. Ile yenye difloku ya kubana, inayolazimisha magurudumu mawili yaende pamoja, haitakubali hivyo, hapo inua yote mawili na uyazungushe pamoja mara moja.

Foo bai foo: mbele na nyuma namba iwe moja. Moja! Mtu abadilisha nyuma peke yake kisha atia foo bai foo kwenye lami, masanduku yapigana mpaka moja livunjike. Kubadilisha difu kwa gari mpya uliza kwanza habari ya waranti. Oili ya difu tia yenye alama GL-5, si chochote kilicho kwenye kopo. Mengine tutaongea nje.

Swali moja tu. Mama pale nyuma... ndio mama. Kuku, kutoka Kilifi. Kreti ngapi? Na hupandi mlima wowote, hupiti feri? Basi mama, wewe chukua hiyo 3.58 uliyoonyeshwa, yakufaa kabisa, kuku hawana uzito na barabara yako ni tambarare. Usikubali tu wakuuzie na matairi makubwa juu yake.